Mji Mkongwe na Mwenye Fedha

Hayati Emerson Skeens, Mmarekani aliyefariki dunia mwaka 2014, aligeuza majumba makuukuu ya Mji Mkongwe wa Zanzibar kuwa hoteli za fahari. Wengine humsifu, wengine huuliza mwananchi amebakiziwa nini. Twaona wote wana hoja. Beit al-Ajaib, mali ya umma, iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 ikiwa katika matengenezo, ikaua watu wawili. Basi mali ya umma isiyotunzwa mapema hubomoka. Nayo iliyotunzwa na tajiri bila masharti humfungia mwananchi mlango. Sisi wa Bugarama, majirani wa dhahabu ya Bulyanhulu, twalielewa jambo hili. Mwenye fedha akaribishwe, lakini masharti yawekwe na mwenye mali.