Majivu ya Toba na Hadithi ya Maangamizi

Wako wataalamu wapendao hadithi kuliko ushahidi. Kubwa ya hadithi zao ni ile ya Toba, volkano ya kisiwa cha Sumatra iliyolipuka yapata miaka 75,000 iliyopita. Ati ilitia dunia katika baridi kali, hata wanadamu wa Afrika wakaangamia ila wachache. Nadharia hiyo aliieneza Stanley Ambrose mwaka 1998, na hata leo wapo waisimuliao kana kwamba imethibitika.

Msingi wake ulikuwa nini? Kukaribiana kwa tarehe. Mlipuko ulipimwa kwa njia moja, barafu ya Greenland kwa nyingine, na nasaba za wanadamu kwa ya tatu. Kila njia na kosa lake, pengine la maelfu ya miaka. Kwa vipimo vya namna hiyo haijulikani lipi lilitangulia, seuze lipi lilizaa jingine.

Majivu hukata shauri. Upepo huyatawanya mbali kwa muda mfupi, nayo huzama katika matope ya maziwa na bahari. Hata yasipoonekana kwa macho, chembe zake za kioo huonekana kwa hadubini, na kemia yake huutaja mlima uliozitema. Mwaka 2013 Christine Lane na wenzake walitangaza kwamba wamezipata chembe za Toba katika matope ya Ziwa Nyasa, liitwalo pia Ziwa Malawi, zaidi ya kilomita 7,000 kutoka Sumatra. Hapo lililo chini ya majivu ni la kabla, na lililo juu ni la baada. Nalo tope la juu halikutofautiana sana na la chini, wala halikuonyesha baridi kubwa.

Watajibu kwamba ziwa moja si bara zima, na kwamba baridi ya miaka michache yaweza kupita bila kuacha alama. Jibu la kwanza lilidhoofika mwaka 2018, chembe hizo zilipotangazwa kupatikana Pinnacle Point, Afrika Kusini, ambako watu waliendelea kukaa na kustawi. La pili linawageukia wenyewe: baridi iliyopita bila kuligeuza tope la ziwa, kwa dalili gani wanadai kwamba ilikaribia kuwamaliza wanadamu wa bara zima?

Majivu hayo yamefanya kazi bora kuliko kutisha watu: yamewalazimisha watafiti kuzisahihisha tarehe za hali ya hewa ya kale ya Afrika Mashariki. Mwanachuoni na ayatumie kwa kazi hiyo.