MAGONGO SI SADAKA YA TAJIRI



Mfanyi kazi akivunjika mguu kazini, tajiri humtuma karani hospitali na vitu viwili: chupa ya soda na jozi ya magongo. Magongo hayo yametolewa stoo, yalikolala tangu yalipomsaidia mtu mwingine aliyeumia mbele yake. Hakuna aliyempima mgonjwa urefu. Hakuna aliyetazama kama mipira ya chini imekwisha. Karani huyaegemeza ukutani, husema pole, na kesho yake kiwanda kizima husikia ya kwamba Bwana Mkubwa ana huruma. (Wenzetu wa Mombasa, hatusemi Magongo ya Changamwe. Huko kuna mashaka yake mengine.)

Sisi twasema hiyo si huruma. Ni deni, tena deni lililolipwa nusu.

Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini ya mwaka 2007, katika kifungu cha 47, yamtaka mwajiri alipe gharama zinazofaa za mtu aliyeumia katika kazi yake: matibabu na hospitali, uuguzi, dawa na bandeji, nauli na matumizi ya safari za matibabu hayo. Kisha sheria yataja kwa jina miguu na mikono ya bandia, magongo, na vifaa vingine vya mtu aliyelemaa viungo. Tena haisemi kununua tu. Yasema kutoa, kutunza, kutengeneza na kubadilisha. Mpira wa gongo ukilika, mpira mpya ni juu ya tajiri. Skrubu ikikatika, ni juu yake. Zamani wengine walijificha nyuma ya kesi iliyofunguliwa na chama cha mawakili, wakisema sheria yenyewe bado yabishaniwa. Mahakama ya Juu ilikata maneno hayo tarehe 3 Desemba 2019, na sheria ikabaki imesimama.

Sasa kuna ujanja mpya. Tangu NHIF ilipoondolewa na SHA kushika mahali pake mwezi wa Oktoba 2024, mtu akiumia huambiwa, "Si una kadi? Unakatwa asilimia 2.75 kila mwezi, nenda ukaitumie." Tazameni hesabu hiyo, ndugu. Mshahara ni wetu, makato ni yetu, mguu ni wetu. Mashine isiyo na kinga ni yake. Halafu jeraha lililotoka katika mashine yake lilipwe kwa makato yetu! Kadi ni ya homa ya mtoto na uzazi wa mama. Ajali ya kazi ina mlipaji wake, na sheria imemtaja.

Lakini hata tajiri anayelipa bila ugomvi hutuletea hasara akituchagulia kifaa kwa kukisia. Hapa ndipo twataka wanachama wasome polepole, maana wengi wetu twafikiri gongo ni gongo.

Gongo la kwapani likiwa refu kupita kiasi, mtu huning'inia juu yake. Uzito wote hukaa kwapani, na hapo ndipo pana mishipa ya fahamu inayokwenda mkononi. Ikibanwa siku nyingi, vidole hufa ganzi na kiganja hulegea, kikawa hakiwezi kuinuka. Mtu alikwenda nyumbani na mguu mmoja mbovu, sasa ana mguu na mkono. Na gongo likiwa fupi, mgongo hupinda na mtu huanguka mbele. Kipimo chenyewe hakihitaji shahada ya chuo. Simama wima umevaa viatu, ncha ya gongo iwe kando ya mguu kama sentimita 15. Kati ya kichwa cha gongo na kwapa lako pawe na nafasi ya vidole viwili au vitatu. Pa kushikia pawe sawa na kifundo cha mkono unapouachia mkono uning'inie, ili ukishika, kiwiko kikunjike kidogo. Uzito ubebwe na viganja. Kwapa libane gongo ubavuni tu. Kama magongo ya stoo hayana matundu ya kupandisha na kushusha, na wewe si wa kimo cha yule wa kwanza, yarudishwe. Usione haya.

Ngazini, unapopanda mguu mzima hutangulia. Unaposhuka, magongo na mguu mbovu hutangulia. Na yule ambaye amekwisha pona nusu akapewa mkongojo mmoja, aushike kwa mkono wa upande wa mguu mzima. Twaona watu kila siku wanaushika upande wa mguu mbovu, na mwendo wao ni kama wa jahazi lililovunjika mlingoti.

Tena kifaa chafaa kichaguliwe kwa nyumba ya mtu, si kwa picha ya dukani. Lile fremu la miguu minne ni zuri katika sakafu ya hospitali. Mpe mtu anayekaa ghorofa ya nne isiyo na lifti, au mwenye njia ya matope kutoka barabarani mpaka mlangoni, nalo litageuka kuwa kamba ya kuanikia nguo. Kiti cha magurudumu cha hospitali, chenye magurudumu madogo mbele, hukwama katika murami na mchanga. Na mtu atakayekaa humo kutwa nzima anahitaji mto unaofaa, ama sivyo atafanya vidonda vya makalio ambavyo huweza kuua mtu aliyekwisha pona mfupa. Daktari na mtaalamu wa mazoezi ya viungo waulize: Unakaa wapi? Choo kiko wapi? Wasipouliza, mwambie mwenyewe.

Twasema choo kwa makusudi. Wengi wetu twapanga vyumba ambavyo choo kiko nje, cha shimo, cha kuchutama. Mtu aliye na plasta kutoka pajani mpaka wayoni atachutama vipi? Tumesikia wanaume wazima wakikataa chakula ili wasisumbuke kwenda huko. Seremala wa mtaani aweza kutengeneza kiti imara kilichotobolewa katikati, chenye pa kushikia pande mbili. Hakina jina la Kizungu wala boksi la rangi, lakini ni kifaa cha mgonjwa sawa na gongo. Msimamo wetu ni kwamba kama daktari ameandika ya kuwa kinahitajika, risiti ya seremala iende kwa tajiri pamoja na risiti ya famasi.

Kwa upande mwingine, viko vitu vya kununuliwa bure. Mkono uliovunjika waweza kubebwa na leso iliyokunjwa pembe tatu na kufungwa shingoni. Nyongeza ya madoido haiungi mfupa. Mshipi wa shingo usivaliwe kwa kuwa jirani alivaa.

Na sasa mishipi ya kiuno. Kuna makampuni yanayowagawia mahamali mishipi mipana ya kukaza mgongo, huku meneja akipigwa picha. Baada ya hapo magunia ni yale yale na mwendo ni ule ule. Taasisi ya serikali ya Marekani ya usalama na afya kazini, inayoitwa NIOSH, ilisema mwaka 1994 ya kwamba haukuwapo ushahidi wa kutosha kuwa mishipi hiyo humkinga mtu mzima asiumie mgongo. Mwaka 2000 ukachapishwa uchunguzi wao mkubwa wa wafanyi kazi wa maduka wanaoinua mizigo, na waliovaa hawakuumia pungufu ya wasiovaa. Mshipi aliouandika daktari kwa ajili ya mgongo uliokwisha vunjika ni neno jingine. Lakini mshipi wa kugawa badala ya kupunguza mzigo ni hila. Pendekezo namba 128 la Shirika la Kazi la Dunia, la mwaka 1967, lataka pale ambapo mzigo wa mwanamume mmoja wapita kilo 55, ushushwe upesi mpaka hapo. Gunia la kahawa ni kilo 60. Tajiri na aanze na gunia, ndipo tuzungumze mishipi.

Vifaa vilivyokwisha tumika hatuvikatai. Fedha ni chache, na gongo zima halina kosa kwa kuwa la marehemu. Ila kagua: kama ni la mti, pitisha mkono utafute ufa, kama ni la bati jepesi, tazama kama limepinda, na kama vipini vya kurekebishia urefu vinaingia mpaka mwisho. Mipira ya chini badilisha, hata kama yaonekana mizima. Chama cha Walemavu wa Viungo Kenya, APDK, kilichoanzishwa mwaka 1958, kina karakana zinazotengeneza viti na viungo, Nairobi, Mombasa na kwingineko. Mtu aende akapimwe kabla ya kumpa mwenye duka la mjini fedha yake yote.

Neno moja halingoji fundi wala tajiri. Mwenye plasta ambaye vidole vyake vimekuwa baridi, au vimekufa ganzi, au kucha zimebadilika rangi, au maumivu yazidi badala ya kupungua hata akiinua mguu juu ya mto, arudi hospitali saa ile ile, hata kama ni usiku. Asingoje tarehe ya kliniki.

Kuhusu makaratasi. Ajali itajwe kwa tajiri mara moja, kwa mdomo au kwa barua, mbele ya shahidi. Nasi twashauri barua. Yeye ana siku 7 tangu ajue za kumpasha habari Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini, na mwulizeni kama amefanya hivyo. Madai yenyewe yawekwe kabla ya miezi 12 kupita tangu siku ya ajali. Daktari aandike kifaa kwa jina na kwa kipimo, si "magongo" tu. Risiti zote zihifadhiwe, na za nauli vile vile, maana mtu mwenye magongo mawili hapandi matatu iliyojaa, hukodi gari. Kondakta asiyetoa risiti, andikeni tarehe, safari na shilingi katika daftari.

Nakala ziletwe kwa katibu wa tawi. Mwenye plasta asijisumbue kuja. Atume mtu, nasi tutamwendea nyumbani na kipimo cha futi.