Kabla ya rimu, angalia breki
SAFU YA JUMAMOSI, na Selemane Mussa Bakar

Siku hizi kijana wa Palma au Mocímboa da Praia akipata Hilux, jambo la kwanza si bima wala sevisi. Ni rimu: nyeusi, pana, zimetokeza nje ya madigadi, na tairi lenye meno ya kulima shamba. Gari linapendeza, sikatai. Ninachouliza ni kitu kilichojificha nyuma ya hiyo rimu.

Mtindo wenyewe umetoka kwenye viwanja vya mbio, na huko una sababu yake. Gari la mashindano, liwe kwenye uwanja wa ATCM kule Maputo au popote duniani, hupiga breki kali kabla ya kona, linapumua sekunde chache, linapiga tena. Joto halipati nafasi ya kutoka. Kwa hiyo mafundi wao huanza na diski: wanafunga kubwa, nene, yenye njia za hewa katikati. Diski hiyo haienei ndani ya rimu ndogo, ndipo wanapotafuta rimu kubwa, nyepesi, yenye spoki nyembamba ili upepo upite. Kwao rimu imekuja kuifuata breki. Sisi tumechukua rimu tu, diski ni ileile ya kiwandani, tena mara nyingi tunaifunika kwa rimu iliyozibwa hata upepo haujui pa kuingilia.

Tupige hesabu kidogo. Hilux nyingi huja na tairi la 265/65R17, lenye kipenyo cha milimita 776 hivi. Vijana wanaweka 285/70R17, ambalo ni 831, yaani limezidi kwa asilimia 7. Dashibodi ikikuonyesha 100, wewe uko kwenye 107, na kwa kuwa joto la breki hukua kwa mraba wa mwendo, ukisimama umezalisha zaidi kwa karibu asilimia 15. Kusimamisha tairi refu kunadai nguvu zaidi kwenye pedi. Na lililo baya kuliko yote, injini nayo inapoteza uwezo wake wa kulizuia gari mtelemkoni, maana tairi kubwa ni sawa na kuongeza gia. Mzigo wote unaiangukia breki.

Utaniambia sisi hatuna uwanja wa mbio. Tunao. Ni barabara ya N380 siku ya msafara.

Tangu vita ianze Mocímboa, Oktoba 2017, kuna vipindi ambapo kipande cha Macomia hadi Awasse hupitwa kwa kusindikizwa na askari. Aliyewahi kupita anajua kwamba hakuna anayetaka kubaki nyuma. Magari yamebanana, mguu chini, mara la mbele limeona shimo, breki. Mguu chini tena. Huwezi kusimama pembeni kupoza magurudumu, na simlaumu asiyesimama. Nyuma kumepakiwa saruji na mchele, na juu ya mchele kuna watu.

Mkifika, sogea karibu na gurudumu la mbele. Harufu ya pedi iliyoungua inakaba koo. Diski imeingia ubuluu, na unga mweusi wa pedi umeganda kwenye rimu iliyooshwa jana. Kisha anatokea mtu na kidumu cha maji. Jamani, msiimwagie maji! Chuma cha moto kikipoozwa ghafla hupinda au hupata nyufa, na kesho usukani unatetemeka kila ukigusa breki. Njia ikiwa salama, kilomita za mwisho nenda polepole bila kukanyaga breki ovyo. Upepo utafanya kazi hiyo bure.

Wanaoshuka Negomano kwenye Daraja la Umoja wakitokea Mueda wana mtihani wa aina nyingine, kwa sababu uwanda wa Mueda uko juu sana. Gari la tani 3 likishuka mita 500 kwa breki tupu, bila msaada wa injini, joto lake lingetosha kuchemsha zaidi ya lita 40 za maji. Ingia gia ndogo kabla mtelemko haujaanza, si ukiwa katikati yake.

Kwa watu wa pwani, adui mkubwa ni mafuta ya breki yenyewe. Hunywa unyevunyevu wa hewa, na hewa yetu, kuanzia Pemba hadi Quionga, ina unyevu wa kutosha. DOT 3 mpya huchemka kuanzia nyuzi 205. Ikishanywa maji inaweza kuchemka kwenye 140. DOT 4 ni 230 ikiwa mpya, 155 ikichoka. Yakichemka hutoa mvuke, mvuke hubonyea, na pedeli inazama hadi sakafuni huku gari likiendelea na safari yake.

Kuna na hili la kuazimana rimu. Rimu ya Hilux inaingia kwenye nati sita za Ford Ranger bila ubishi, kwa sababu nafasi za nati ni zilezile. Lakini tundu la katikati la Hilux ni milimita 106, na habu ya Ranger ni 93. Gurudumu halikalii habu, linashikwa na nati peke yake, na fundi anasema limekaa. Usipofunga pete ya kuziba hiyo nafasi, mtetemo utakwambia. Spesa za kusogeza gurudumu nje nazo huchosha beringi. Mimi ningezipiga marufuku kwa gari lolote linalobeba abiria.

Ukitaka rimu, nunua, hela ni yako. Ila wiki hiyohiyo mwambie fundi afungue magurudumu yote manne, apime unene wa pedi, ahakikishe pini za kalipa hazijashikwa na kutu ya chumvi, kisha amwage mafuta yote ya zamani na kutia DOT 4. Chupa ifunguliwe mbele yako. Ile iliyofunguliwa mwaka jana ikabaki nusu kwenye rafu ya duka, usiichukue hata ukipewa bure.