Tabo ipimwe kwa kazi yake
Miongoni mwa wapenzi wa magari ya kasi imeenea imani kwamba tabo, ile pampu ya hewa inayoendeshwa na moshi wa injini, ikiwa kubwa zaidi ndiyo bora zaidi. Imani hiyo haina budi kusahihishwa.

Toyota Supra iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 1993 ni mfano wa kutosha. Injini yake ya lita 3 na silinda sita ilifungwa tabo mbili: ya kwanza hushika kazi injini ikizunguka polepole, na ya pili huungana nayo injini ifikapo mizunguko 4,000 hivi kwa dakika. Wengi wameziondoa wakafunga moja kubwa. Nguvu huongezeka, lakini tabo hiyo huhitaji moshi mwingi ndipo izunguke barabara. Dereva hukanyaga mafuta, gari husita. Aidha, hewa ikizidi pasipo petroli ya kutosha, pistoni huungua.

Katika mashindano ya njia iliyonyooka, tabo kubwa hufaa. Penye kona nyingi, ndogo iitikayo upesi ndiyo yenye manufaa. Mwenye gari hana budi kupima kazi kwanza, ndipo achague tabo. Pupa ya ukubwa hulipiwa na injini.