"Mungu Ameniambia" Si Jibu

Hapa Majengo kuna sentensi moja inayofunga mjadala wowote: "Mungu ameniambia." Kijana akiulizwa mbona ameacha kazi ya jua kali pale Kamukunji, Mungu amemwambia. Mama akiulizwa mbona pesa za chama, alizokuwa anunulie mzigo wa mitumba Gikomba, zimeishia kwa "kupanda mbegu", Mungu amemwambia kupitia kwa nabii. Na wewe ukizidi kuuliza, ati una roho ya upinzani.

Mimi nasema tuulize tu.

Sibishi kwamba Mungu huongoza watu. Ninachopinga ni kumtwika Mungu uamuzi ambao mtu ameshaufanya, au ambao mwingine ataufaidi. Hebu turudi kwa Samweli, maana ndiye anayetajwa kila tukihubiriwa habari za kusikia sauti. Yule mtoto aliitwa mara tatu, na mara zote tatu akakimbilia kwa Eli. Sauti ilikuwa ya kweli na bado hakuitambua. Ilibidi mzee amsaidie. Halafu tazama ujumbe wenyewe: ulikuwa hukumu juu ya nyumba ya Eli. Na Eli akamwambia mtoto asimfiche hata neno moja. Sasa niambie, ni lini umesikia unabii uliomgharimu nabii mwenyewe? Unabii tuliouzoea huja na namba ya M-Pesa.

Wazee wa Uamsho walilielewa jambo hili. Uamsho wa Afrika Mashariki ulianzia Rwanda na Uganda, ukafika Kenya mwaka wa 1937. Katika ushirika wao, ndugu akitaka kuoa au kuanza mradi mkubwa, hakutosheka na ndoto. Alilileta jambo nuruni, mbele ya wenzake, nao wakamhoji. Najua utaratibu huo nao uliumiza watu. Mahali pengine nuru iligeuka upelelezi. Lakini ndugu wanaouliza kupita kiasi, unaweza kuwaambia wapunguze. Mtu ambaye haulizwi chochote, nani atamzuia?

Aprili 2023 polisi walianza kufukua makaburi katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi. Miili zaidi ya 400 ikatolewa, na ya watoto ikiwemo. Ya mahakama tuwaachie mahakama. La kanisa ni letu: watu waliaminishwa kwamba kufunga hadi kufa ni njia ya kumwona Yesu, na hapakuwa na nafasi ya kusema, "Ngoja kwanza."

Utaniambia Mungu anaweza kumwambia mtu jambo ambalo jamaa zake wote wanalikataa. Kweli, Abrahamu aliondoka kwao. Basi aliyeambiwa na agharamike yeye. Ukiambiwa ufunge, funga wewe; mtoto mpe uji. Ukiambiwa utoe, toa chako, si karo ya shule wala kodi ya nyumba ambayo mwenzako ametolea jasho. Neno ambalo mzigo wake wote unamwangukia asiyelisikia, mimi silipokei, hata likinenwa kwa lugha za malaika.

Majirani zetu Waislamu, ambao Majengo hii ni yao kama ilivyo yetu, huswali istikhara mtu akiwa na jambo zito, na bado huwaendea wenye busara kutaka shauri. Hakuna anayewaambia kwamba kushauriana ni kukosa imani. Paulo naye aliwaandikia Wathesalonike wasiudharau unabii, na papo hapo akawataka wapime kila kitu. Sisi tumeishika nusu ya kwanza, ya pili tukaiacha.

Kwa hivyo mtu akikuambia Mungu amesema, muulize: Umemshirikisha nani? Nani atalipa? Na ikiwa sivyo, utarudi kutuambia? Kama ni Mungu kweli, maswali matatu hayatamnyamazisha. Na kama si yeye, angalau kodi ya mwezi huu italipwa.