Kusaga Meno Usingizini



Jamaa zetu walioko Nyeri, Karatina na Nanyuki husingizia baridi ya Mlima Kenya mambo mengi, na mojawapo ni kusaga meno usingizini. Baridi hiyo twaijua. Mlima wenye kimo cha mita 5,199 hauwi jirani bure. Lakini baridi humtetemesha mtu, meno yakagongana upesi upesi, na hukoma apatapo blanketi. Msagaji wa usiku husaga akiwa amejifunika gubigubi, kwa mkwaruzo mithili ya jiwe juu ya jiwe, na yeye mwenyewe hausikii. Shahidi ni mke, mume, au mwenzake wa bwenini.

Wapo pia wanaokaza taya kimya kimya, shahidi asipate la kusikia. Hao tuwatazame alfajiri. Atiapo udhu na kusukutua kwa maji yale ya baridi, meno kadhaa humfa ganzi kwa pamoja. Jino moja likiuma peke yake, huenda limetoboka, na hilo ni jambo jingine. Huamka taya zikiwa nzito, na kichwa kikimgonga kwenye panja. Ncha za meno huwa bapa kana kwamba zimepigwa tupa, na kilicholika hapo hakioti tena.

Mtoto asagaye meno asipewe dawa ya minyoo kwa sababu hiyo pekee, seuze kutangaziwa jini. Wengi huacha wenyewe wakuapo.

Kwa mtu mzima tuulize habari za wasiwasi, sigara, na kahawa ya jioni, kwani Nyeri ni nchi ya kahawa. Miraa ya Meru nayo hufukuza usingizi, na usingizi wa kukatikakatika haumsaidii. Akiwa pia hukoroma hata pumzi ikakatika, amwone daktari bila kungoja.

Tabibu wa meno aweza kumtengenezea kikinga cha plastiki kilichopimwa kwa kinywa chake, akivae alalapo. Hakimwachishi kusaga, ila meno huacha kulika. Aendapo hospitali, shahidi wake afuatane naye ikiwezekana. Kama hawezi, na amrekodi kwa simu dakika chache za usiku, kwa ridhaa yake, tabibu asikie mwenyewe.