Kuni na mazingira ni ajenda moja

Katika kumbukumbu za bodi ya shule yetu, mazingira huandikwa chini ya "Mengineyo", wakati kila mjumbe ameshaanza kutazama saa. Kuni huandikwa juu, kwenye fedha, kwa sababu zikikosekana watoto hawali. Mimi ni mjumbe wa bodi hiyo, nyanya wa watoto wanaosoma hapo, na mkulima wa mpunga katika skimu ya umwagiliaji ya Ahero, kwenye uwanda wa Kano, Kisumu. Nimekaa kwenye mikutano hiyo vya kutosha kujua kwamba ajenda hizo mbili hazijawahi kukutana.

Kuni zetu hazitoki hapa Kano. Uwanda huu ni udongo mweusi na mashamba, na miti ya kukata kwa wingi ilikwisha zamani. Lori hushuka nazo kutoka milima ya upande wa Nandi, likamwaga mzigo kando ya jiko, na mpishi wetu, mama ambaye hakuna mfanyabiashara aliyewahi kumuuzia kuni mbichi, huzigonga moja moja akisikiliza mlio. Mvua ikinyesha kwenye milima hiyohiyo, Mto Nyando hutuletea udongo wake, maji yakiwa na rangi ya chai ya maziwa. Watafiti waliopima mito inayoingia Ziwa Victoria upande wa Kenya waliutaja Nyando miongoni mwa ile inayobeba udongo mwingi kabisa. Sisi wa Kano tunaujua udongo huo kwa jembe na koleo, maana mafuriko yakiondoka tunaukwangua madarasani.

Mwaka 2020 ziwa lilipanda hadi kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana tangu 1964. Mwaka 2024 maji yakarudi. Kule wadi ya Kabonyo-Kanyagwal shule ziliingiwa na maji, na sehemu nyingine madarasa yakageuka kambi za waliohama makwao. Habari za vyoo vya shimo wakati wa mafuriko sitazieleza, kwa kuwa wengi husoma gazeti wakinywa chai.

Sisemi kwamba kila tone linalotufurikia limesababishwa na shoka. Kano ilifurika kabla shule zetu hazijajengwa, na wazee bado wanazisimulia mvua za 1961. Mto unaoteremka kwa kasi kutoka mlimani ukifika kwenye tambarare lazima upanuke. Ninachosema ni kwamba shule inayomfundisha mtoto kulinda misitu, halafu ikampikia nyoyo, yaani mahindi na maharagwe, kwa msitu wa jirani muhula baada ya muhula, inamfundisha masomo mawili, na la pili ndilo analoliona kila siku saa sita na nusu.

Somo lile la kwanza, la kulinda misitu, huja na wageni. Miche huletwa, mashimo yameshachimbwa na watoto, chama cha 4K kinaimba, mheshimiwa anapanda mti wake na kunawa mikono, picha inapigwa. Sina ubaya na wageni, soda zao tunakunywa. Lakini tazama kalenda. Shule hufungwa Aprili, mvua ndefu zikiwa zimekolea. Hufungwa tena mwishoni mwa mwaka, mvua za vuli zikinyesha. Mche uliopandwa wakati mzuri wa mvua huachwa bila mtu. Udongo wetu mweusi nao hauna huruma: ukilowa unashikilia maji mpaka mizizi inaoza, na ukikauka Januari unapasuka nyufa za kumeza kiatu cha mtoto. Ng'ombe wa jirani humalizia kazi. Muhula ukifunguliwa mashimo yale yale yanachimbwa upya, na kwenye ripoti inaandikwa miti mingine imepandwa.

Mwishoni mwa 2022 serikali ilitangaza lengo la miti bilioni 15 ifikapo 2032. Ni lengo kubwa, na pengine ndiyo sababu kila ofisi inataka idadi. Wangari Maathai alianza na miti saba pale Kamukunji, Nairobi, tarehe 5 Juni 1977, na mwenyewe alieleza baadaye kwamba ni miwili tu iliyosalia. Vuguvugu lake la Green Belt lilipokua, akina mama walilipwa hela kidogo kwa kila mche ulioshika. Uliokufa haukulipiwa. Ningependa afisa wa elimu anayekuja kukagua shule zetu atumie kipimo hicho: asiulize mmepanda mingapi mwaka huu, aulize mingapi ya mwaka jana ingali hai, na ni nani alilipwa kuimwagilia likizoni. Kijana mmoja wa kijijini mwenye ndoo na waya wa kuzuia ng'ombe atafanya zaidi ya gari zima la wageni.

Ila hata miti ikishika yote, jiko litaendelea kula kuni. Hapo ndipo ningetaka tuanzie, kwa kuwa Ahero ina bahati ambayo tunaichoma moto. Mpunga ukikobolewa, karibu moja kwa tano ya uzito wake ni maganda, yaani gunia la kilo 100 linaacha kama kilo 20. Vilima vya maganda viko nyuma ya vinu, vikifuka moshi, na sisi wakulima tunawasha mabua mashambani baada ya kuvuna. Najua kwamba maganda hayapikiki kwenye mafiga. Ukijaribu utapata moshi na macho mekundu. Yanahitaji jiko lililoundwa kupitisha hewa, au yabanwe kuwa makaa. Na hata kabla ya kufika huko, jiko la matofali lenye bomba la moshi, linalokumbatia sufuria hadi shingoni, linaweza kupunguza kuni kwa nusu hivi. Mafundi wa jua kali walioko Kisumu hawashindwi na kazi hiyo.

Mwenyekiti wetu huuliza nani atalipa, na ana haki ya kuuliza. Mgao wa serikali kwa mtoto wa shule ya msingi umewekwa Sh1,420 kwa mwaka, na haujawahi kuonekana mwingi mbele ya chaki, vitabu na ukarabati. Chakula ni mchango wa wazazi. Kuni hununuliwa kidogo kidogo, kwa hiyo gharama yake haimshtui mtu. Jiko jipya hulipwa mara moja, kwa hiyo linamshtua kila mtu. Hazina ya maendeleo ya maeneo bunge, NG-CDF, hujenga madarasa, na tunashukuru, ila jiko halina ukuta mpana wa kuandikia jina la mbunge. Fedha za tabianchi zinazopitia kaunti zimekusudiwa mambo ya namna hii hasa. Wadi ikikaa kuchagua miradi, jiko la shule lipewe nafasi sawa na kisima na mtaro.

Walimu nao wataniambia mtaala umejaa. Naam, lakini somo la Kilimo lina kazi za mikono, na Hisabati inatafuta mifano kila siku. Gredi ya 5 wapime kuni zinazoingia jikoni kila Jumatatu, wagawanye kwa idadi ya sahani, wachore grafu ukutani. Jiko likibadilishwa, waone mstari ukishuka, na usiposhuka waulize kwa nini. Wafanye hesabu hiyo pia kwa shilingi, wazazi waione siku ya mkutano. Mtoto aliyepima kilo hizo mwenyewe ataliangalia lori la kuni kwa jicho lingine, na Mto Nyando vilevile.

Bodi inakutana tena kabla ya muhula ujao, na zabuni ya kuni iko kwenye ajenda kama kawaida. Nitaomba mazingira yahamishwe kutoka "Mengineyo" na yajadiliwe hapo hapo kwenye zabuni, na nitakuja na mizani yangu ya kupimia mpunga. Mpishi ameshakubali watoto wazipime kuni zake, kwa sharti kwamba asimwone hata mmoja karibu na sufuria.